Skana Mbili, Majibu Mawili: Kwanza Uliza Kila Moja Imesoma Nini

Skana ya kwanza inasema kuna kirusi kwenye sekta ya buti. Ya pili inapita kimya na kumaliza kwa kuandika kwamba hakuna kilichopatikana. Hapo wengi hufanya jambo moja lisilosaidia: hushusha skana ya tatu ije ipige kura. Ikisema kirusi kipo, diski inafutwa. Ikisema hakipo, mwenye kompyuta anaambiwa aende kwa amani. Kura ya namna hiyo haina uzito, kwa sababu skana tatu zinaweza kuwa zimesoma vitu vitatu tofauti, na mojawapo huenda haikuigusa sekta ya buti kabisa wala haikuona haja ya kukwambia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi inasema kweli, uliza kila moja imesoma nini, na imesomea wapi. Nitakaa zaidi kwenye skana zinazoendeshwa kwa amri, zile za dirisha jeusi, kwa sababu ndizo fundi hukimbilia Windows inapogoma kuwaka, na kwa sababu ukijua kuzihoji hujibu kwa undani kuliko zile za vitufe vya kijani na vyekundu.

Tuanze na hicho kinachosomwa. Kwenye diski ya mpangilio wa zamani, wa MBR, sekta ya kwanza kabisa ina baiti 512. Baiti 440 za mwanzo ni msimbo wa kuanzisha kompyuta. 4 zinazofuata ni namba ya kuitambulisha diski. 2 kwa kawaida ni sufuri. 64 ni jedwali la patisheni, nafasi nne za baiti 16 kila moja. Na 2 za mwisho ni alama ya 55 AA. BIOS huipakia sekta hii kwenye kumbukumbu na kuiachia usukani kabla Windows haijaamka, na kabla antivairasi yoyote haijaamka. Ndiyo maana waandishi wa virusi vya PC walizipenda sekta za buti tangu 1986, mwaka ambao Brain, kirusi kilichoandikwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, kilianza kusafiri kwa flopi.

Lakini si sekta hiyo peke yake. Kila patisheni nayo ina sekta yake ya buti mwanzoni. Halafu, kati ya sekta ya kwanza ya diski na mwanzo wa patisheni ya kwanza, kuna eneo lisilo na mwenyewe: tangu Windows Vista patisheni ya kwanza huanzia sekta ya 2048, zamani ilianzia ya 63. Lisilo na mwenyewe, ila wapangaji wapo. GRUB ya Linux huweka humo sehemu ya msimbo wake, FlexNet ya kulinda leseni za programu ilijulikana kwa kuandika humo bila kumwuliza mtu, na virusi hupenda kuficha humo sekta halisi baada ya kuikalia nafasi yake. Skana moja ikitaja sekta ya buti kwa maana ya sekta ya kwanza ya diski, na nyingine ikamaanisha ile ya patisheni ya C, hazijapingana. Hazijakutana tu.

Angalia pia kama jambo lenyewe linakuhusu. Andika msinfo32 na usome mstari wa BIOS Mode. Ukikuta UEFI, kompyuta yako haiwaki kwa kupitia zile baiti 440. Inasoma faili la .efi kutoka patisheni ndogo ya FAT32 iliyofichwa. Msimbo wa kirusi cha kale ukikutwa kwenye sekta ya kwanza ya diski ya mpangilio mpya, wa GPT, inayowaka hivyo, ni mabaki. Yaondoe, lakini usikose usingizi. Hatari ya kompyuta hizi imehamia kwenye hayo mafaili ya .efi. BlackLotus, iliyochambuliwa hadharani 2023, iliweza kupenya hata Windows 11 ambayo Secure Boot yake imewashwa, kwa kutumia udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2022-21894. Ili kuikagua patisheni hiyo, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika mountvol S: /s, kisha ielekeze skana yako S:\. Mengi ya yanayofuata yanahusu kompyuta zinazowaka kwa njia ya zamani, na huku kwetu bado zipo: mtumba kutoka Ulaya na Dubai, maabara za shule, stesheneri za mtaani zinazotoa kopi na kuchapa barua.

Sasa swali la kwanza: je, ile skana iliyosema "hakuna" iliisoma sekta?

Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kufungua diski nzima kama diski. Mlango wake, ambao huandikwa \\.\PhysicalDrive0, unafunguka kwa haki za msimamizi tu; Linux nayo hudai root kwa /dev/sda. Skana ikiendeshwa kwa akaunti ya kawaida itakagua mafaili, itaikosa sekta, na pengine haitakuachia zaidi ya mstari mmoja wa onyo uliopita mbio katikati ya mamia ya mistari mingine. Usitazame muhtasari wa mwisho peke yake. Elekeza matokeo yote kwenye faili kwa alama ya >, kisha tafuta humo maneno kama boot, MBR, denied na skipped. Mara nyingi ugomvi wote unaishia hapo.

Halafu kuna swichi. Skana ya amri ya ESET, ecls, hukagua sekta za buti yenyewe bila kuombwa, mradi mtu asiwe ameongeza /no-boots ili kazi iende haraka. Defender ya Microsoft iko tofauti. MpCmdRun.exe ina swichi ya -BootSectorScan, na inafanya kazi kwenye ukaguzi maalumu, yaani aina ya 3:

MpCmdRun.exe -Scan -ScanType 3 -File C:\Windows -DisableRemediation -BootSectorScan

Hiyo -DisableRemediation naipenda kwa kazi ya uchunguzi. Inaizuia Defender isifute wala kurekebisha chochote, inapuuza orodha ya mafaili yaliyosamehewa, na inaonyesha ilichokikuta palepale kwenye dirisha. Unachotaka saa hii ni ushahidi. Kusafisha kutakuja baadaye. ClamAV nayo ni hadithi nyingine. Clamscan ni mkaguzi wa mafaili. Haiendi yenyewe kuchukua sekta ya buti kutoka kwenye diski, kwa hiyo ukimaliza clamscan -r C:\ na kuona sufuri, sufuri hiyo haisemi neno lolote kuhusu sekta. Pia ina kikomo cha ukubwa: faili kubwa kupita kiwango huachwa bila kukaguliwa hadi mwisho, na kwa mipangilio ya kawaida hutapata kelele yoyote.

Namba ambayo programu huiacha inapofunga, ile unayoisoma kwa echo %ERRORLEVEL% kwenye Windows au echo $? kwenye Linux, imewaponza wengi walioandika skripti. Kwa clamscan, 0 ni hakuna kirusi, 1 ni kirusi kimepatikana, 2 ni hitilafu. Kwa ecls, 1 maana yake kitisho kilikutwa na kikasafishwa, 50 kimekutwa, 10 kuna mafaili yaliyoshindikana kukaguliwa, 100 ni hitilafu. Kwa MpCmdRun, 0 ni ama hakuna kitu, ama kilikuwepo na kimeshaondolewa. 2 ni ama kirusi bado kipo, ama ukaguzi wenyewe ulikwama. Chukua skripti iliyoandikwa kwa clamscan, badilisha jina la skana bila kubadilisha maana za namba, halafu iendeshe kwenye kompyuta zote za maabara ya shule: utapata ripoti safi sana ya uongo. Na kama unataka kuhakikisha tu kwamba skana iko hai, faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68, linatosha. Kumbuka tu kwamba ni faili. Kulikamata hakuthibitishi kwamba skana inaifikia sekta ya buti.

Tuseme zote mbili ziliisoma, kwa haki za msimamizi, kwa swichi sahihi, na bado hazikubaliani. Sasa tunaingia kwenye sehemu tamu.

Kirusi cha buti kinapokuwa hai kwenye kumbukumbu kinaweza kukaa kati ya skana na diski. Brain ilikuwa na ujanja huo tayari: programu ikiomba kusoma sekta iliyoambukizwa, kirusi kilikatiza ombi na kuipa ile sekta halisi iliyofichwa pembeni. TDL4, iliyoonekana 2010, ilifanya hivyohivyo kwenye Windows za biti 64, tena kwa ustadi zaidi, ikificha mafaili yake mwishoni mwa diski, nje ya patisheni. Kuiuliza skana iliyo ndani ya Windows kama hiyo ni sawa na kumwuliza askari wa getini kama kuna mwizi ndani, ilhali mwizi ndiye aliyevaa sare. Skana ya ndani ikisema salama na ile iliyowashwa kutoka kwenye flashi ikasema kuna kirusi, iamini ya nje. Kinyume chake, ndani ikipiga kelele na nje kukawa kimya, uwezekano mkubwa ni kengele ya uongo, au skana ya ndani imesoma kitu kingine kabisa: faili la karantini, diski ya pili, flashi iliyosahaulika kwenye tundu.

Usibaki kwenye uwezekano, maana hili linapimika. Kwenye kompyuta nyingine unayoiamini, tengeneza flashi ya Ubuntu ya kuwashia. Zima kompyuta inayoshukiwa kwa amri ya shutdown /s /t 0, kwa sababu kuanzia Windows 8 kitufe cha kuzima mara nyingi hakizimi kabisa; sehemu ya mfumo hulazwa ili kesho iamke haraka. Washa kwa flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua terminali, andika lsblk uitambue diski kwa ukubwa wake, halafu:

sudo dd if=/dev/sda of=nje.bin bs=512 count=1
sudo dd if=/dev/sda of=eneo.bin bs=512 count=2048

Amri ya kwanza inachukua sekta ya kwanza, ya pili inachukua megabaiti nzima ya mwanzo pamoja na lile eneo la wapangaji. Diski za NVMe huitwa /dev/nvme0n1 badala ya sda. Hapo kwenye dd pole pole: if ni unakosoma, of ni unakoandika, na haikuulizi mara mbili. Ukivigeuza umeifuta sekta uliyokuja kuichunguza. Hifadhi mafaili hayo kwenye flashi nyingine, kwa kuwa Ubuntu ya kujaribu husahau kila kitu ikizimwa.

Rudi ndani ya Windows. HxD, kihariri cha bure cha baiti, kikiendeshwa kama msimamizi hufungua diski nzima kwa kusoma tu. Chagua diski yenyewe, siyo C, nakili baiti 512 za mwanzo na uzihifadhi kama ndani.bin. Kisha linganisha:

fc /b ndani.bin nje.bin

Mafaili yakifanana kila baiti, hakuna anayekudanganya katikati, na skana zote mbili zilikuwa zikitazama kitu kimoja. Yakitofautiana kwenye zile baiti 440 za mwanzo, umepata jibu ambalo hakuna skana ingeweza kukupa kwa uhakika zaidi: kuna kitu kinachoionyesha Windows sekta ambayo siyo iliyopo. Jina la kirusi utalitafuta baadaye.

Yakifanana, ugomvi unabaki kwenye hukumu. Chukua alama ya msimbo peke yake:

head -c 440 nje.bin | sha256sum

Kisha fanya hivyo kwenye kompyuta nyingine nzima yenye toleo lilelile la Windows na lugha ileile. Kwa nini 440 na si 512? Kwa sababu namba ya diski na jedwali la patisheni hutofautiana kila kompyuta, kwa hiyo alama ya sekta nzima haitalingana hata kama zote ni salama. Za baiti 440 zikilingana, kesi imefungwa: msimbo ni wa Microsoft, na skana iliyopiga kelele imekosea au ilisoma mahali pengine. Zisipolingana, tazama maneno yaliyomo kwa strings nje.bin. Sekta ya kawaida ya Windows ina ujumbe wa hitilafu kama Invalid partition table na Missing operating system. Ya Linux ina neno GRUB. Maneno pekee si ushahidi kamili, maana kirusi kinaweza kuyaacha palepale, lakini yanakuonyesha uanzie wapi.

Msimbo usio wa kawaida si lazima uwe mchafu. GRUB, VeraCrypt ya kusimba diski, programu za watengenezaji wa kompyuta za kurudisha mfumo kwa kitufe kimoja, zote huandika sekta ya kwanza kwa namna zao, na skana inayohukumu kwa tabia badala ya saini inaweza kuzishuku. Ukiona kwenye jina la kilichokutwa maneno kama generic, heur au suspicious, ujue skana haijamtambua mtu. Imeona mwendo usioupenda. Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo mteja hatalisema mpaka umwulize kwa upole: Windows 7 isiyo na leseni. Baadhi ya vifaa vya kuivunja leseni yake vilifanya kazi kwa kuingiza msimbo unaotangulia Windows, mahali palepale virusi vya buti hukaa. Skana moja inaviita kirusi, nyingine inaviita chombo cha udukuzi, ya tatu inavinyamazia. Zote tatu zina hoja. Mimi huvihesabu kuwa vichafu, kwa sababu hakuna anayejua aliyevipakia upya aliongeza nini njiani.

Majina nayo huzusha ugomvi usiokuwepo. TDL4 hiyohiyo iliitwa TDSS na Kaspersky, Alureon na Microsoft, Tidserv na Symantec, Olmarik na ESET. Mebroot na Sinowal ni kitu kimoja. Mtu akiona majina mawili kwenye ripoti mbili hudhani ana virusi viwili, anasafisha kimoja, kisha anashangaa "cha pili" nacho kimetoweka.

Lakini wakati mwingine majina mawili ni virusi viwili kweli. Stoned, iliyotokea New Zealand 1987, ikiambukiza diski huihamisha sekta halisi ya kwanza mpaka sekta ya 7. Michelangelo, kirusi kilichozaliwa kutokana na hiyo Stoned na kilichotikisa vyombo vya habari kabla ya Machi 6, 1992, huihamisha palepale. Diski iliyokuwa na Stoned ikipata Michelangelo, Stoned yenyewe inasukumwa kwenye sekta ya 7 na kuifunika sekta halisi, ambayo sasa haipo popote, na kompyuta haiwaki tena. Skana moja ikisoma sekta ya kwanza itasema Michelangelo. Nyingine ikipekua mpaka ya 7 itasema Stoned. Zote zimesema kweli, na ukiamuru "rudisha sekta ya awali" utakuwa umerudisha kirusi.

Mizimu, yaani kengele za virusi visivyo hai, hutokana na mambo kama hayo. Mebroot ilihifadhi nakala ya sekta halisi kwenye sekta ya 62. Ukisafisha sekta ya kwanza, vipande vilivyobaki nyuma havifanyi kazi tena, kwa kuwa hakuna kinachoviita, ila skana inayopekua eneo lile itaendelea kulalamika wakati nyingine imeridhika. Antivairasi zenyewe huzalisha mizimu: baadhi huweka nakala ya sekta chafu kabla ya kuirekebisha, na antivairasi ya pili huikuta nakala hiyo na kupiga yowe. Enzi za DOS skana moja iliweza kuacha saini zake kwenye kumbukumbu, ya pili ikaja kuzikuta na kutangaza kirusi hai. Taswira ya zamani ya flopi ndani ya folda ya nakala rudufu nayo ni faili tu. Kwa hiyo soma njia kamili ya kilichokutwa: kikiwa na herufi ya diski, folda na jina la faili, bado hujafika kwenye sekta ya buti.

Ukishakuwa na nje.bin, mpe kila mgombezi faili hilohilo. Clamscan italisoma sasa, maana ni faili. Defender utaielekeza kwa -File. Na tovuti ya VirusTotal italipitisha kwenye injini nyingi kwa mpigo. Usihesabu kura hata hapo. Tazama kama injini kadhaa zisizo na uhusiano zinataja familia moja kwa jina. Majibu matano yenye jina moja yana uzito kuliko kumi yenye "generic". Na ukimya wa faili usiuchukulie kuwa msamaha kamili, kwa sababu baadhi ya skana hutambua virusi vya buti zinaposoma diski yenyewe tu.

Kwamba kengele ni ya kweli hakumaanishi hatari ni kubwa. Septemba 2007 kompyuta mpakato mpya za Medion, zilizouzwa Ujerumani na Denmark kupitia maduka ya Aldi, zilikutwa zimetoka na Stoned.Angelina, kirusi cha miaka ya 1990 kinachoenea kwa flopi. Antivairasi iliyokuja ndani yake ilikitambua na ikashindwa kukiondoa. Mnunuzi aliona onyo kila mara, juu ya kitu ambacho bila flopi hakikuwa na pa kwenda.

Mteja hatajali historia hiyo. Atauliza, "Fundi, sasa ina kirusi au haina?" Mjibu, "Mama, bado naipima, kesho nitakuwa na jibu," na uimudu aibu ya kutojua kwa siku moja. Haraka ya kutengeneza imeua data nyingi kuliko virusi vyenyewe.

Dawa inayojulikana ni kuandika upya msimbo wa sekta: zamani fdisk /mbr, leo bootrec /fixmbr kutoka kwenye mazingira ya ukarabati ya Windows. Huandika msimbo mpya na kuliacha jedwali la patisheni kama lilivyo. Tabia hiyo ndiyo inayofaa mara nyingi, na ndiyo inayoua mara chache. Kirusi cha Monkey kilihifadhi sekta halisi ikiwa imefichwa kwa fumbo, na kwenye sekta ya kwanza hakikuacha jedwali linalosomeka. Mradi kirusi kiko hai unaiona C, ukiandika msimbo mpya juu yake C inatoweka. One_Half, ya 1994, ilisimba diski kidogo kidogo kuanzia mwishoni kila kompyuta ilipowashwa, na ufunguo wake ulikaa ndani ya sekta ileile unayotaka kuifuta. Virusi hivyo ni vya kale, lakini hatari yao imerithiwa na programu halali: diski iliyosimbwa kwa VeraCrypt ya mtindo wa zamani inawaka kwa msimbo wake yenyewe, na ukiufuta bila diski yake ya uokoaji umejifungia nje. Kompyuta yenye Windows na Linux pamoja itapoteza GRUB, ingawa hiyo hurudi kwa grub-install. BitLocker, usimbaji wa Windows yenyewe, ikiona msimbo wa kuwashia umebadilika itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Uchukue mapema kwa manage-bde -protectors -get C: na uuandike kwenye karatasi, siyo kwenye diski hiyohiyo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: nakala ya data ya mteja kwanza, ikichukuliwa kwa kuwasha kutoka nje, kisha uhakikishe eneo.bin liko salama pembeni; kisha ujaribu kuiona C ukiwa umewasha kwa flashi. Patisheni zikionekana na mafaili yakafunguka ukiwa nje, fixmbr haina la kutisha. Zisipoonekana ukiwa nje lakini zinaonekana ukiwa ndani, simama. Hiyo ni dalili ya Monkey na jamaa zake, au ya usimbaji ambao mteja alisahau kuutaja, na tiba yake ni kutumia chombo kinachoijua familia hiyo kwa jina.

Baada ya kutengeneza, chukua tena baiti 440 kutoka nje na ulinganishe alama. Kisha kagua mafaili ya Windows ukiwa bado nje, au kwa ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao, ambao huanzishwa kwa Start-MpWDOScan kwenye PowerShell, kwa sababu kilichoandika sekta ile kilikuwa programu iliyoendeshwa ndani ya Windows, na huenda ingali hapo. Kagua na flashi za mwenye kompyuta. Alama ikibadilika tena baada ya kuwasha mara kadhaa, usiendelee kusafisha sekta kila jioni. Chanzo kiko kwenye mafaili, na kufuta kila kitu kutakugharimu muda mfupi kuliko kukisaka.

Ila ukifuta, futa kweli. Kuformati C peke yake hakugusi sekta ya kwanza ya diski, wala lile eneo linaloifuata. Ukiwa kwenye flashi ya usakinishaji bonyeza Shift na F10, ingia diskpart, andika list disk, chagua diski kwa select disk, kisha clean all, ambayo hujaza sufuri kila sekta na kwa diski kubwa huchukua saa nyingi. Kabla ya kuandika select, soma ukubwa ulioandikwa mbele ya kila namba. Flashi uliyowashia nayo imo kwenye orodha hiyo, na kama diski ya nakala ya mteja bado imechomekwa, nayo pia imo.